Masika ya Jiko la Sumaku

Jumatano, 25 Machi

Sikukuu imekwisha, wageni wameondoka, na daftari hili la mwaka jana bado lina kurasa nyingi nyeupe. Nitaandika humu mpaka masika yaishe. Nilifundisha sayansi kimu skuli za hapa mjini miaka thelathini na moja, na mwanangu Abdulwahid anasema mtu aliyezoea kusahihisha madaftari, akistaafu, huanza kusahihisha watu. Mwache aseme.

Tumo wawili humu ghorofani Kiponda, mimi na mkwe wangu Ilham. Abdulwahid ni karani wa mapokezi kwenye hoteli moja Nungwi. Huja Alkhamisi jioni, huondoka Jumamosi asubuhi. Ilham alimpata huko huko. Ni mtoto wa Nungwi khasa, mpole wa sauti, mgumu wa kichwa. Ana mimba ya miezi sita. Ni mjukuu wangu wa kwanza, na tangu nilipopewa habari hiyo hainipiti sala bila kumuombea.

Sasa mkaa unamkohoza. Tangu Ramadhani, kila akipuliza jiko anakohoa mpaka anashika ukuta. Mtungi wa gesi hakuna wa kuupandisha ngazi zetu arubaini na moja, na hata ungepanda, mimi gesi naiogopa. Nimekata shauri: tunanunua jiko la umeme la induksheni, dogo, la kubebeka, la sahani moja. Nilipomwambia Ilham alijibu, "Unavyoona wewe, Mama." Yaani hataki.

Jumamosi, 28 Machi

Nilikuwa Darajani tangu saa tatu, dukani kwa Nabeel, ambaye marehemu baba yake ndiye aliyeniuzia pasi yangu ya kwanza. Nilikwenda na maswali yangu nimeyaandika kwenye karatasi. Nabeel aliiona karatasi akacheka, akaita chai kabisa.

Alinitolea majiko matatu. La kwanza ni la kugusa kioo kwa kidole, taa nyekundu zinametameta. Nikamwambia vidole vyenye unga wa chapati havitaelewana nalo. La pili jembamba, zuri, lakini mgongoni limeandikwa wati elfu moja na mia tatu, na kwa hesabu yangu kunde zingeiva siku ya pili. La tatu lina kitufe cha kuzungusha, wati elfu mbili, kioo kinene cheusi, na feni ndogo chini yake inayovuma. Nililipenda kwa sababu halina mbwembwe.

"Hili halina moto kabisa, Mwalimu," alisema Nabeel. "Ndani mna waya umezungushwa, unafanya sumaku, na sumaku ndiyo inayopasha sufuria yenyewe."

"Somo nalijua, Nabeel. Nioneshe kazi."

Akatandika gazeti juu ya kioo, akaweka sufuria ya maji juu ya gazeti, maji yakachemka na gazeti likabaki zima. Watu watatu waliokuja kununua balbu walisimama kutazama. Lakini alinionya: sufuria za alumini hazipati moto humo, lazima chuma kinachonasa sumaku. Nilikuwa nimeshabandua sumaku kwenye mlango wa friji na kuipitisha kwenye vyombo vyangu vyote kabla ya kutoka nyumbani. Vimenasa viwili tu, chuma cha chapati na birika. Kwa hiyo nimenunua na sufuria kubwa ya chuma cha pua, yenye masikio mawili mazito.

Plagi ya jiko ina pini mbili za mviringo, za Ulaya, na soketi zetu ni za matundu matatu. Nabeel akafungua mtoto wa meza, akatoa adapta nyeupe. "Hii haina malipo, Mwalimu. Ya kwako." Nikamshukuru.

Jumapili, 29 Machi

Mvua ya kwanza ya masika. Chai imechemka kwa dakika tatu. Hakuna moshi, hakuna majivu, hakuna kikohozi. Nilitaka kulia kwa furaha, mimi mzee mzima.

Ilham akaishika sufuria kuigeuza, akarudisha mkono upesi. "Inanitekenya, Mama."

"Nini inakutekenya?"

"Sufuria. Kama mdudu anatembea ndani ya vidole."

Nikaishika mimi, kwa mikono yote miwili. Sikuhisi kitu ila joto.

Alkhamisi, 2 Aprili

Mara ya tatu leo Ilham anasema sufuria inamtekenya. Abdulwahid karudi jioni, nikamwita jikoni aishike. Ametoka barabarani na viatu vyake vya kazi kwa kuwa alikuwa amebeba mchele. Aliutua, akaishika sufuria. Kitu hakuna. Akamtazama mkewe akacheka, si kwa ubaya. Ilham hakucheka.

Jumapili, 5 Aprili

Mvua. Nguo hazikauki.

Alkhamisi, 9 Aprili

Nimegundua mambo. Ilham hukoroga kwa mwiko wa mti tu. Kijiko cha chuma hakigusi. Sufuria huishika kwa kitambaa hata ikiwa baridi. Jana nilimkuta ametandika mkeka wa miyaa sakafuni mbele ya jiko, amesimama juu yake.

"Mkeka wa nini jikoni?"

"Miguu yangu inapata baridi, Mama."

Sikumwamini. Nadhani anataka mkaa wake. Watoto wa shamba chakula kisichonusa moshi wanakiona hakijapikwa. Basi aseme, mimi si mtu wa kula mtu. Lakini kutengeneza visa, mara kutekenywa, mara baridi, hilo nililiona sana kwa wanafunzi waliokuwa hawataki kuosha vyombo.

Jumanne, 14 Aprili

Leo nimemaliza ubishi. Nimemwita Kheir, fundi umeme wa mtaa wetu, kijana mwenye adabu. Alifika kalowa, akainama mlangoni kufungua kamba za mabuti yake. Nikamwambia, "Ingia na viatu vyako, baba, usijitaabishe. Sakafu itafutwa." Mgeni aliyekuja kukufanyia kazi humuweki mlangoni anahangaika na kamba.

Akaitia testa, ile bisibisi yenye taa, kwenye soketi, ikawaka. Umeme upo, na mzuri. Akaliwasha jiko, akashika sufuria kwa kiganja chote, akahesabu mpaka ishirini kwa sauti. Ilham alikuwa amesimama pembeni, mikono kaifumba chini ya kanga.

"Jiko salama kabisa, Bi Riyama," alisema Kheir. "Mimi sihisi lolote."

Nikamgeukia Ilham. Namna nilivyomtazama nadhani ilitosha. Akasema, "Hewallah, Mama," akaenda kufuta nyayo za fundi.

Jumatano, 15 Aprili

Ilham hasemi tena kama sufuria inamtekenya.

Jumapili, 19 Aprili

Mvua siku ya tano mfululizo. Maji yanapenya kwenye ukuta wa jikoni upande wa dirisha na chokaa inavimba na kumeguka. Mkeka wa Ilham umeota ukungu kwa chini, nimeutupa. Nilimweleza vizuri: ukungu si mzuri kwa mtu mwenye mimba. Akaniuliza kama anaweza kupata mwengine. Nikamwambia jikoni si msikitini.

Nimeandika maneno hayo kama nilivyoyasema, na sasa nikiyasoma nayaona makali. Basi. Mimi ndiye niliyeolewa nyumba hii miaka arubaini iliyopita, na mama mkwe wangu alikuwa mkali zaidi.

Alkhamisi, 23 Aprili

Paka wa ngazini kaingia jikoni tukiwa tunapika samaki. Karuka juu ya bao la saruji lililolowa, kanyoosha pua kwenye sufuria, halafu katoa ukelele na kuruka mpaka dirishani, manyoya yote yamesimama. Nilicheka mpaka machozi. Nikasema ameungua, ndiyo adabu yake.

Ilham alisema polepole, "Sufuria bado ya baridi, Mama. Ndiyo kwanza nimeiweka."

Nikamwambia paka pia wana visa.

Jumapili, 26 Aprili

Nina jambo silipendi kuliandika. Leo Ilham akiwa anaoga nilikuwa natwanga thomu, mchi ukaniponyoka, ukaangukia kioo cha jiko. Kimepata ufa. Si mkubwa, ni kama unywele, kutoka katikati mpaka ukingoni, na ukiweka sufuria juu yake hauonekani. Nimeliwasha, linafanya kazi kama kawaida.

Sikumwambia. Angesema nini? Angesema ndiyo sababu ya kurudisha mkaa. Kitabu cha maelezo kinasema kioo kikipasuka jiko lisitumike, lakini vitabu hivyo huandika kila kitu, hata kwamba usikae juu yake. Abdulwahid akija nitamwambia taratibu.

Alkhamisi, 30 Aprili

Abdulwahid karudi. Sikumwambia.

Wamezungumza chumbani kwa sauti ya chini, yeye na mkewe, jioni nzima, mvua ikinyesha. Alipotoka aliniuliza, "Mama, Ilham anakwenda kwao kujifungulia. Je, akienda mapema kidogo? Mwezi huu unaoingia?" Mtoto wa kwanza huzaliwa nyumbani kwa mama wa mke, hilo sina neno nalo. Lakini bado miezi miwili. Nikamwambia huko nani atamtazama chakula chake, nani atampeleka kliniki. Akarudi chumbani. Nilishinda, na sikufurahi.

Nimeanza kumuona Ilham kama mtu anayenichukulia mwanangu kidogo kidogo, bila kelele. Huwa nalala nalo hilo.

Jumapili, 3 Mei

Mvua. Nimemkuta Ilham anasoma aya kabla ya kushika sufuria.

Jumatano, 6 Mei

Nisipoandika leo, kesho nitajidanganya.

Mvua ilianza alfajiri na haikupumua. Maji yaliingia jikoni kwa dirishani, na Ilham akawa anayasukuma kwa fagio kuelekea tundu la maji, kanga kaifunga juu ya magoti, pekupeku kama anavyokaa siku zote nyumbani. Juu ya jiko palikuwa na kunde za nazi. Mimi nilisimama mlangoni na kikombe changu cha chai. Tui likachemka likafurika, likamwagika juu ya kioo, likaingia chini ya sufuria. Nililiona likiingia.

Nikasema, "Ilham, tui hilo."

Akaacha fagio, akaja, akashika masikio yote mawili ya sufuria aiondoe. Kitambaa hakuchukua, kwa sababu nilikuwa nimemharakisha.

Hakupiga kelele. Viwiko vilimkunjika, shingo ikarudi nyuma, mdomo ukafunguka, akatoa sauti ndogo ya kooni, na sufuria ikawa inagongagonga kioo. Nikadhani hiki ndicho kisa chake kikubwa, kakitayarisha. Wallahi ndivyo nilivyodhani. Nikasema, "Acha vituko, Ilham."

Na nikasimama. Kikombe mkononi. Nilisimama muda ule ambao mtu husimama akimngojea mwanafunzi aone haya. Sijui ni pumzi tatu au kumi. Kisha nikayaona macho yake. Hayakuwa kwangu, yalikuwa yanalitazama tumbo lake, na nikasikia harufu ya ngozi inayoungua. Nikaangusha kikombe, nikaichomoa ile adapta ukutani.

Alianguka ubavu. Sikuwahi kumdaka. Nilipiga magoti kwenye maji nikamwita, nikamwita, nikamgeuza uso. Viganja vyake vilikuwa na mistari myeupe iliyoingia ndani. Mwishowe akafungua macho, na neno lake la kwanza halikuwa la maumivu.

"Mama," alisema. "Mtoto hatikisiki."

Jirani zetu wa chini walimbeba kwenye kiti, ngazi zote arubaini na moja, mimi nyuma nimeshika miguu yake. Hospitali nesi alihamisha kile chombo cha kusikilizia tumboni pake. Hapa hakuna. Hapa hakuna. Akapaka mafuta mengine, akajaribu upande wa pili. Ilham alikuwa ananitazama mimi, si nesi, na nilitamani anitukane. Mara ya sita yakasikika mapigo, ya haraka haraka. Nesi akasema, "Huyu hapa." Nilitoka nje kwenye baraza nikalia kwa sauti mbele za watu.

Alkhamisi, 7 Mei

Abdulwahid alifika tangu jana kwa gari ya hoteli. Ilham kamwambia, "Nimepigwa na umeme, Mama kauchomoa." Hivyo tu. Hakumwambia kama nilisimama.

Jumatatu, 11 Mei

Kheir kaja. Safari hii alivua mabuti mlangoni kabla sijasema kitu. Alilifungua jiko mezani, ndani mna tui limeganda juu ya waya.

"Ufa huu wa lini, Bi Riyama?"

"Tarehe ishirini na sita Aprili."

Alinitazama kwa kuwa nilikuwa nakumbuka tarehe. Kisha akanionesha plagi. Ubavuni pana vipande viwili vya chuma. "Hivi ndivyo vya waya wa ethi. Umeme ukivuja ndani ya jiko upitie humu ushuke ardhini. Adapta hii ya plastiki haina pa kuvipokea, kwa hiyo tangu siku ya kwanza kila kinachovuja kinangojea mtu. Kwanza kidogo, ndio huko kutekenya. Ufa ulipoingia maji, umeme ukawa mkubwa."

"Mbona wewe uliishika ile sufuria ukahesabu ishirini?"

Kheir aliiweka plagi mezani. "Nilikuwa na mabuti ya soli ya mpira, Bi Riyama. Uliniambia nisivue." Alisema kwa upole, na akaongeza kuwa kosa ni lake, fundi alitakiwa kuigusa sufuria kwa testa, si kwa mkono.

Nikatazama miguu yangu. Daktari wa sukari alinikataza kukanyaga chini pekupeku tangu kidole changu kilipochelewa kupona, na miaka miwili sasa nina champali za mpira za ndani, sizivui ila kitandani na kwenye mswala. Abdulwahid siku ile alikuwa na viatu vya kazi. Nyumba nzima, aliyekuwa akikanyaga sakafu yangu iliyolowa kwa ngozi yake ni Ilham peke yake, yeye na yule paka. Na mkeka aliotandika ili ajikinge nikautupa mimi.

Kheir alipoondoka nilikaa chini jikoni. Nilitaka kuvua champali, nilitie plagi lile jiko, nishike. Sikufanya hivyo, kwa kuwa ningefanya kwa ajili yangu mwenyewe, si kwa ajili yake.

Jumanne, 12 Mei

Nimempelekea Nabeel adapta yake. Nilikuwa nimejiandaa kwa maneno makali, lakini aligeuka rangi nilipomhadithia, akafungua mtoto wa meza akazimwaga zote kwenye pipa. Zilikuwa nyingi.

Alkhamisi, 14 Mei

Ilham katolewa hospitali. Mikono yake imefungwa bendeji mpaka vifundoni. Abdulwahid alikuja kuchukua nguo zake, anampeleka Nungwi kwa mama yake.

Nikamwambia, "Kaa chini." Nikamwambia kila kitu, ufa, mkeka, na kwamba nilisimama na kikombe. Nilimwambia na maneno niliyoyasema. Alisikiliza akiwa ameshika sanduku. Kisha akasema, "Naam, Mama," kama nilivyomfundisha kuitika mdogo, akateremka ngazi.

Jumapili, 17 Mei

Simu ya Ilham haipokelewi.

Alkhamisi, 21 Mei

Abdulwahid hakuja. Mvua.

Jumatano, 27 Mei

Sikukuu ya mfunguo tatu, Idi ya kuchinja. Nimepika peke yangu kwenye mkaa. Jirani kaniletea nyama, kaniuliza mkwe hajambo. Nikasema hajambo. Sijui kama hajambo.

Ninapomfikiria sasa sikumbuki kisa hata kimoja. Nakumbuka jinsi alivyokuwa akisema mara moja tu, kwa sauti ya chini, halafu akasubiri. Mimi nilidhani mtu anayesema kweli hupiga kelele. Miaka thelathini na moja darasani, na ndivyo nilivyokuwa nikiwapima watoto wa watu.

Alkhamisi, 4 Juni

Abdulwahid kapiga simu saa nne asubuhi. Mtoto wa kike, kazaliwa kabla ya siku zake, mzima. Alisema maneno hayo akakata.

Jumamosi, 13 Juni

Mvua zimepungua, jua lilitoka mara mbili asubuhi. Jana usiku Abdulwahid alipiga simu tena. "Ilham kasema uje."

Nilifika Nungwi saa tano. Bi Kurwa, mama yake Ilham, alinipokea mlangoni kama inavyopasa, salamu zote kamili, lakini mkono wake ulikuwa mzito. Ilham yuko ndani, katika arubaini yake, kakaa kitandani na mtoto mapajani. Wamempa jina Nusrat. Viganja vya Ilham vimepona kwa ngozi mpya, ya waridi, inayong'aa. Namna anavyomshika mtoto anatumia zaidi vidole vya mwisho.

Nilikuwa nimeyapanga maneno yangu kutoka mjini mpaka Nungwi, na yote yalinipotea. Nikasema, "Nimekuja kukutaka radhi, mwanangu. Nilikuona na sikukuamini."

"Nshakusamehe, Mama. Siku zile zile," alisema. "Lakini Kiponda sirudi."

"Usirudi."

Bi Kurwa akaleta uji. Abdulwahid akaingia, akakaa karibu na mlango. Tukamtazama mtoto. Kanenepa vizuri kwa siku zake, nywele nyingi. Ilham akamweka titini. Kisha, kwa sauti yake ile ile, bila kuinua uso, akasema:

"Mama, akinyonya anasita. Hapa midomoni panaingia weusi, kisha panaondoka."

Bi Kurwa akacheka kidogo, kwa uchovu. "Kaanza tena. Watoto wachanga wote hivyo, Bi Riyama. Nesi kaja juzi, kamtazama, kasema mzima. Mie nimezaa saba."

"Ilham ana hofu tu," alisema Abdulwahid. "Tangu yale mambo kila kitu anakiogopa. Mimi nimemtazama mtoto siku mbili nzima, sijaona kitu."

Nikasogea karibu, nikainama kumtazama Nusrat. Ananyonya, mashavu yanatembea, midomo myekundu kama ya mtoto yeyote mwenye afya. Nilikaa hivyo muda mrefu na hakusita hata mara moja. Macho yangu yaliniambia hakuna kitu.

"Tangu lini?" nikamuuliza Ilham.

"Siku ya nne."

"Mara ngapi kwa siku?"

"Kwanza mara moja. Jana mara tano. Leo tangu alfajiri mara tatu. Huwa mwisho mwisho, akikaribia kushiba, na huwa anatoka jasho kichwani." Alikuwa na jibu la kila swali. Alikuwa amehesabu.

Midomo kugeuka rangi na jasho wakati wa kunyonya ni dalili za moyo, hilo nilikuwa nikilifundisha. Nikainuka nikavaa buibui langu. "Abdulwahid, tafuta gari. Tunakwenda hospitali mjini sasa hivi, tukamtafute daktari wa moyo wa watoto."

"Mzazi hatoki nje siku ya tisa," alisema Bi Kurwa, na sauti yake sasa ilikuwa kali. "Na kichanga kwenye upepo huu! Kwa jambo ambalo hakuna aliyeliona?"

Nilimwambia lawama zote nitazichukua mimi, za watu na za mila, na kama tukirudi jioni tunachekwa nitakaa hapa nichekwe. Alikwenda kusimama dirishani.

Ilham alikuwa ananitazama. Mtoto bado yuko kifuani, na nilimuona kama anaogopa kuamini kuliko anavyoogopa ugonjwa.

"Mama," alisema, "wewe hujamuona akifanya hata mara moja."

"Wewe umemuona," nikamwambia.

Abdulwahid akatoka kwenda kutafuta gari. Ilham akamtoa mtoto titini, akamlaza kwenye kanga, akaanza kumfunga.